Tukipewa Migingo Leo, Kesho Tutavua Wapi?

Wazee wangu, akina mama mliofunga vibanda vya samaki mapema ili mfike, wanafunzi, na wageni wetu mliovuka kutoka Mwanza na Jinja, asanteni kwa kuja. Nimepewa dakika arobaini. Kisa cha Migingo, kile kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria ambacho sisi Kenya tunakigombania na Uganda, mnakijua, kwa hiyo sitarudia habari za bendera iliyopandishwa na kushushwa pale, wala reli iliyong'olewa na wenye hasira Kibera mwaka 2009 kwa ajili yake. Nimekuja na swali moja. Nimeliuliza katika kila ukumbi nilioalikwa, na nitaendelea kuliuliza mpaka mwenye madaraka anijibu. Tukipewa Migingo leo, kesho tutavua wapi?

Nianze na mpaka, maana mtu akisema mpaka wa ziwani haujulikani, damu inanichemka. Unajulikana! Uliandikwa mwaka 1926, katika amri ya Mfalme wa Uingereza iliyotaja mipaka ya Koloni la Kenya. Unapita magharibi ya kisiwa cha Pyramid, unapanda kaskazini hadi ncha ya magharibi ya Ilemba, kisha Kiringiti, kisha Mageta, unaambaa na ufuo wa Sumba, halafu unakwenda kuingia mdomo wa Mto Sio. Sasa chukueni Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, mfungue jedwali la pili. Mtavikuta visiwa hivyo hivyo. Nchi mbili zimekubaliana kwa maandishi, kila moja ndani ya sheria zake, halafu miaka nenda miaka rudi tunaambiwa wataalamu bado wanautafuta mpaka.

Migingo iko mashariki ya mstari huo, kwa umbali wa mita 510 hivi. Upande wa Kenya. Na Mei 2009 Rais Museveni mwenyewe alisema kisiwa ni cha Kenya, ila maji ni ya Uganda. Hapa Wakenya wengi walikasirika, wakaishia hapo. Mimi nawaomba msikasirike kwanza. Lisikilizeni neno hilo vizuri, kwa sababu ndani yake ndimo ugonjwa wetu ulimo.

Migingo ni mwamba. Eneo lake halifiki ekari moja. Ni kama mita za mraba 2,000. Nyumba za mabati zimebanana mpaka ukitaka kupita na ndoo ya maji inabidi uibebe mbele yako, si ubavuni. Hakuna shamba. Sensa yetu ya 2009 iliwahesabu watu 131 pale, na wavuvi wanapojaa msimu wa samaki huwa wengi kuliko hao. Pembeni yake kuna Usingo, kisiwa kikubwa kuliko Migingo, na hakuna anayekigombania. Kama tungekuwa tunapigania ardhi, tungepigania Usingo! Watu wamejibana Migingo kwa sababu iko karibu na kina kirefu, na kwenye kina ndiko mbuta aliko.

Huyu mbuta, ndugu zetu wa Mwanza mnayemwita sangara, hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950, akazaana, akawameza fulu wetu, wale samaki wadogo wa asili, na kufikia miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vinapanda ufukoni kumkata minofu iende Ulaya. Leo hata bondo lake, kile kibofu cha hewa ambacho zamani tulikitupa, linakaushwa na kupelekwa China, na kwa kilo lina bei ambayo mnofu hauisogelei. Mwenye mzani ufukoni humpasua samaki na kuchungulia bondo kabla hajataja bei. Hiyo ndiyo mali inayogombaniwa, nayo iko majini.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa nitakaa, mniwie radhi. Mita 510. Boti ya mbao yenye injini ya nguvu-farasi 15, hata ikiwa imebeba nyavu na watu wanne, inazimaliza kwa dakika tatu hivi. Mvuvi wa Migingo akiondoka gatini na kuelekea machweo, kabla hajamaliza kufunga koti la mvua yuko Uganda. Kwa sheria yuko Uganda kweli. Kwa hiyo tukishinda, tukapandisha bendera yetu na kuimba wimbo wa taifa, tutakuwa tumeshinda mwamba na ukanda wa maji wa nusu kilomita, na kwa upande wa magharibi ndio mwisho wa ushindi wetu. Samaki wengi wako ng'ambo ya hapo. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa hili. Uganda na Tanzania wamegawana zilizobaki. Hata wapimaji waje na mitambo ya kisasa kiasi gani, asilimia hizo hazitaongezeka.

Kuna kijana mmoja wa kwetu, nilimfundisha darasa la sita. Simtaji jina, ana mama yake. Alikuwa akivua kutoka Migingo kwa boti ya mtu. Jioni moja walitega upande wetu kabisa, mashariki ya mstari. Lakini wavu wa kuelea hautulii mahali ulipoutupa. Upepo ukasukuma usiku kucha, na walipoanza kuvuta alfajiri walikuwa wamevuka bila kupiga kasia hata moja. Boti ya doria ikatokea. Wakaulizwa leseni, wakatoa ya upande wetu. Samaki wakachukuliwa, petroli ikachukuliwa, injini ikafunguliwa na kupakiwa. Wakaachiwa boti tupu na karatasi. Wakapiga makasia kurudi.

Ile karatasi niliiona. Aliifunga ndani ya mfuko wa plastiki, tena ndani ya mfuko mwingine. Muhuri ulikuwa umesambaa kwa maji na mafuta. Hapakuwa na jina la mahakama, hapakuwa na tarehe ya kesi wala namba ya injini. Kiasi tu ndicho kilichosomeka. Sasa angeipeleka kwa nani? Ubalozini? Mwenye boti hajui habari za mpaka, anachojua ni mashine yake haipo. Kijana alikatwa mgao wake kila safari mpaka injini ikalipwa, na kwa muda wote huo alivua bure.

Sisemi doria ile ilikuwa ya kikosi gani, na siogopi mtu. Nanyamaza kwa sababu nimekisikia kisa hiki hiki kutoka kwa wavuvi wa pande zote tatu za ziwa, bendera pekee ndiyo inabadilika. Nikitaja mmoja, ninyi mtapiga makofi na kurudi nyumbani mkiwa na adui, na hamtakuwa na suluhisho.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: mwalimu, mipaka hii ilichorwa na wakoloni, tuifute. Jibu langu ni la Cairo, 1964. Viongozi wa Afrika walikaa, na Mwalimu Nyerere akiwa mstari wa mbele, wakaamua tuishi na mipaka tuliyoikuta siku ya uhuru. Kumbukeni kwamba kabla ya 1902 Kisumu hii tuliyoketi ilikuwa ndani ya himaya ya Uganda. Mwaka 1976 Idi Amin alisimama akaidai, yeye na magharibi ya Kenya yote. Ukifungua mlango wa "nani alikuwa wapi zamani", si Migingo tu itakayopita mlangoni humo.

Mwingine anasema, twende The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Bakassi, rasi iliyogombaniwa na Nijeria na Kamerun, ilikwenda. Oktoba 2002 mahakama iliipa Kamerun, na Agosti 2008 Nijeria ikamaliza kuikabidhi. Sheria ilifuatwa, na ninaiheshimu Nijeria kwa hilo. Lakini waulizeni wavuvi wa Bakassi, wengi wao watu wa Nijeria. Waliamka chini ya bendera nyingine, na maelfu wakafungasha wakaondoka. Mahakama ilijibu swali ililoulizwa, ardhi ni ya nani na mpaka wa baharini unapita wapi. Haikuulizwa nani atavua wapi. Halafu sisi Wakenya tuna ujasiri gani wa kukimbilia The Hague? Oktoba 2021 ilipotoa hukumu ya bahari kati yetu na Somalia, tulisema hatuitambui. Huwezi kuikataa mahakama Bahari ya Hindi ukaikumbatia Ziwa Victoria. Jirani yako anasoma magazeti.

Na kuna hoja ya wageni wetu kutoka Jinja, ambayo ni nzito kuliko hizo mbili, na huku kwetu hatupendi kuisikia. Wanasema: ninyi mmemaliza samaki wenu, sasa mnakuja kumaliza wetu. Wazee, wana haki ya kusema. Tumevua kwa kokoro, ule wavu unaokokotwa hadi ufukoni, tumevua vichanga, tumetia nyavu za matundu madogo katika mazalia, na tunajua waliozileta ni nani. Uganda ilipotuma jeshi ziwani mwaka 2017 kupambana na uvuvi haramu, nguvu iliyotumika kwa wavuvi wadogo ilipita kiasi, na Waganda wenyewe wamelalamika. Hata hivyo, tatizo walilolifuata lipo. Tukidai kuvua katika maji yao, tuje tukiwa tumefunga kokoro zetu kwanza. Nikisema hivi ufukoni huwa nazomewa. Nitasema tena kesho.

Kwa hiyo nataka nini? Nataka leseni moja ya maji yanayoizunguka Migingo, kilomita kadhaa kila upande wa mstari, inayotolewa na nchi mbili kwa pamoja, ada igawanywe. Mstari ubaki pale pale ulipoandikwa 1926. Mwenye leseni hiyo avuke bila kuuliza. Sheria ya samaki iwe moja: mbuta wa sentimita 50 hadi 85, basi, mdogo arudi majini na mzazi mkubwa arudi majini, awe amevuliwa na Mluo, Msoga au Msukuma. Doria iwe ya pamoja, na ndani ya boti hiyo awemo mjumbe wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuko, anayewajua wavuvi kwa sura. Injini ikikamatwa, iandikwe namba yake, na kesi isikilizwe nchi kavu ya karibu, kwa tarehe inayosomeka. Tumeshajenga chombo cha kulisimamia hilo: Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa 1994 na makao yake yako Jinja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010. Mkenya anaweza kufungua duka Kampala na Mganda akafungua saluni Nairobi, lakini wavu ukisukumwa na upepo mita 510 ni uvamizi. Nielezeni mantiki yake.

Naona mwenyekiti anaonyesha saa. Nilitaka kusema juu ya choo na maji ya kunywa pale kisiwani, juu ya dagaa ambao nao wanakwenda kuwa chakula cha kuku, na juu ya Ziwa Nyasa, ambako Tanzania na Malawi wanabishana kwa mkataba wa 1890 wakati wavuvi wa Mbamba Bay na wa Likoma wanauziana nyavu. Hayo yatangoja. Tanzania pia lazima iketi katika meza hii ya leseni, maana mpaka wake uko kusini tu ya Pyramid na mbuta hauoni. Nimelipitia haraka jambo ambalo lilistahili saa nzima.

Barua ya kwenda kwa wizara zote mbili iko mezani, imeandikwa kwa Kiswahili na kwa Dholuo, na nafasi ya nakala ya Kiganda mgeni wetu ameahidi kuijaza kabla hajaondoka leo. Wavuvi watie sahihi kwanza, walimu na wanafunzi baadaye. Anayejua namba ya injini yake iliyokamatwa aiandike kando ya jina lake, na tarehe kama anaikumbuka. Mama wa Muhuru Bay, uliinua mkono tangu mapema. Uliza.