Hawakupiga Hodi

ZUHURA: Karibuni wasikilizaji. Mimi Zuhura, na mwenzangu ni Salim, ambaye jana saa saba za usiku kanipigia simu ati nimwongeleshe mpaka apate usingizi.

SALIM: Sikatai. Mke wangu yuko kwao Lamu, nami nikaitazama The Ritual peke yangu na taa nimezima. Ujinga wangu.

ZUHURA: Wape kisa basi.

SALIM: Filamu ya kutisha ya Uingereza ya mwaka 2017, mwongozaji David Bruckner. Marafiki wanne, watu wazima, waenda kutembea milimani kaskazini mwa Sweden kumkumbuka mwenzao, Rob, aliyeuawa na majambazi. Mmoja aumia goti, wakaamua kukata njia msituni.

ZUHURA: Njia ya mkato! Hapo n'kasema, haya, hawa wamekwisha.

SALIM: Wakuta mnyama mkubwa wa mapembe katumbuliwa, katundikwa mitini. Waendelea. Mvua yawashika, waona kibanda, wavunja mlango, walala. Juu mna sanamu lisilo na kichwa.

ZUHURA: Mtu wa Pwani kosa alijua papo hapo. Nenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo hapo Kwale: unaongozwa na wenyewe, unafungwa kaniki, huchukui hata kijiti. Hawa wavunja mlango wa watu! Hata hodi!

SALIM: Mvua ile, Bi Zuhura. Wewe ungelala nje?

ZUHURA: Wallahi ningelala nje. Nyanya yangu hata chini ya mibuyu ya Mama Ngina, pale ufuoni Mombasa, hakutuacha tukae magharibi, na pale pana muuza mihogo na watu tele.

SALIM: Lakini lililoninyima usingizi si lile dubwana linalowawinda msituni. Ni duka. Rob aliuawa dukani, na Luke, mmoja wa wale wanne, alikuwa mumo humo, kajibanza nyuma ya rafu na chupa mkononi, asitoke. Sasa huko msituni akisinzia tu, yumo dukani tena. Taa za duka zawaka katikati ya miti, rafu zimesimama juu ya majani. Nikaisimamisha, nikaenda kunywa maji.

ZUHURA: Na wenzake wajua. Siku zote hizo ni utani tu, mpaka Dom, yule wa goti, aje amwambie usoni kuwa ni mwoga. Mie hapo ndipo niliposhika mto.

SALIM: Na wale wanakijiji wa msituni wanaoliabudu dubwana je?

ZUHURA: Waliniharibia. Mara ni jitu la kale, mara ni mwana wa Loki, yule mungu mjanja wa hadithi za kale za huko kaskazini. Nasaba ya nini? Sisi kisa chetu cha jini chaishia kwenye kwato: dada mzuri, buibui, manukato, ukitazama chini, kwato. Basi! Hakuna akwambiaye babake ni nani.

SALIM: Ila umbo lenyewe la dubwana, ile mikono pale kichwani...

ZUHURA: Hilo nakupa. Halafu lina mpaka, halitoki msituni.

SALIM: Ndiyo, lakini Luke duka lake atatoka nalo.

ZUHURA: Na leo usiku?

SALIM: Leo nalala kwa mamangu, Kibokoni.