Kichefuchefu Kisikukatishe Dozi

Mazungumzo na wanakikundi cha kuweka na kukopa, Mafinga, wilaya ya Mufindi

Kamwene! Shikamooni wakubwa zangu. Asante mwenyekiti kwa kunipa nafasi kabla sanduku la hisa halijafunguliwa.

Mliniomba nizungumzie dawa za tumbo. Nimechagua jambo moja tu, lile linaloniumiza zaidi nikiwa pale dirishani pa kugawia dawa. Mtu anaanza dozi vizuri. Siku ya pili kichefuchefu kinamzidi, chakula hakipiti, anaiweka ile bahasha juu ya kabati na harudi kusema. Baada ya wiki mbili namwona tena, tumbo lile lile. Nikimuuliza, "Dawa ulimaliza?" anatazama pembeni. Jamani, aibu ya nini? Dawa imemchafua moyo, na hilo lina namna ya kulitatua. Ila akinyamaza siwezi kumsaidia, na vijidudu vilivyobaki tumboni vinapata nafasi ya kuizoea ile dawa.

Niondoe jambo moja njiani. Kuharisha kwingi hakuhitaji antibayotiki. Choo cha majimaji kisicho na damu mara nyingi hukoma chenyewe, na kinachookoa maisha ni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini: pakiti moja kwenye lita 1 ya maji safi na salama. Antibayotiki zina nafasi yake, kwa mfano choo chenye damu, amiba iliyoonekana kwenye kipimo, au taifodi. Kwa hiyo tumbo likikoroga usikimbilie duka la dawa kuomba Flagyl. Unaweza kujinunulia kichefuchefu cha bure.

Sasa, hiyo Flagyl. Jina la dawa yenyewe ni metronidazoli, na ndiyo ninayosikia ikilalamikiwa kuliko zote. Ikishaingia kwenye damu hutokea pia kwenye mate, ndiyo maana unahisi kama unanyonya sarafu. Hata ukisukutua, ladha inarudi. Haina maana kwamba dawa imeharibika. Mkojo nao unaweza kuwa wa rangi iliyokolea, usiogope. Kupiga mswaki mara kwa mara kunasaidia, na wengine hupata nafuu wakinyonya kipande cha limau.

Kosa kubwa ninaloliona huku kwetu ni la alfajiri. Mtu anaamka saa 11 kwenda kuchuma chai au kwenye mbao, baridi imekaza, anameza kidonge kwa maji matupu halafu anatoka mbio. Kabla hajafika barabarani anatapika. Metronidazoli imeze katikati ya chakula au mara tu baada ya kula. Si lazima kiwe chakula kingi: kikombe cha uji wa ulezi, kiazi mviringo cha kuchemsha, wali mlaini. Vyakula vya mafuta mengi, chipsi na hata parachichi letu, viache kwanza mpaka dozi iishe, kwa sababu mafuta hukaa tumboni muda mrefu na kichefuchefu kinaongezeka.

Angalieni bahasha hii. Imeandikwa 1 × 3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Mpangilio mzuri ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Cha usiku ndicho kinachosumbua, maana wengi tumeshakula saa 1 na tuko kitandani. Basi bakiza kiazi kimoja au kipande cha mkate, kula, meza kwa maji ya kutosha, kisha kaa wima kama nusu saa kabla ya kulala. Kulala chali na kidonge kikiwa ndiyo kwanza kimeshuka ni kukialika kirudi juu.

Dawa ya pili ni siprofloksasini, wengi mnaiita sipro. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu hujiharibia dozi wakidhani wanatuliza tumbo. Moyo ukichafuka, wengi wetu tunatafuna vile vidonge vyeupe vya magineziamu vya kutuliza kiungulia, au tunakunywa maziwa ya moto. Kwa metronidazoli, maziwa hayana shida. Kwa sipro ni balaa: kalisiamu ya kwenye maziwa na hiyo magineziamu huishika dawa humo tumboni, nyingi inatoka na choo bila kuingia kwenye damu. Kichefuchefu kimepungua, lakini ugonjwa hujautibu. Kwa hiyo sipro usiimeze kwa chai ya maziwa wala mtindi. Viache vikae mbali kwa angalau saa mbili. Dawa ya kiungulia, kama ni lazima, sipro itangulie saa mbili kabla, au isubiri saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya zinki navyo ni hivyo hivyo, uliza vipangwe.

Utakunywa nini basi? Chai ya rangi yenye tangawizi. Tangawizi inasaidia kichefuchefu kweli, wala si imani tu. Ila majani yawe kidogo. Najua tunakaa katikati ya mashamba ya chai na tunaipenda ikiwa imekolea, lakini sipro huchelewesha mwili kuitoa kafeini, na mtu anajikuta moyo unamwenda mbio na usingizi hauji.

Mama mmoja pale nyuma ameuliza: nikitapika kidonge, nimeze kingine? Swali zuri sana. Ukitapika ndani ya nusu saa, au ukakiona kidonge chenyewe kwenye matapishi, huenda dawa imepotea. Piga simu au njoo uulize kabla ya kurudia. Ikishapita saa moja na zaidi, kiasi kikubwa huwa kimeshaingia. Subiri zamu inayofuata, na usimeze viwili kufidia. Baada ya kutapika pumzika dakika 10, kisha anza ORS kijiko kimoja kimoja. Ukiibugia yote itarudi.

Kuhusu Plasil, ile ya kuzuia kutapika: ni dawa nzuri ikiandikwa na daktari, kwa siku chache. Usimnunulie mtoto dukani. Inaweza kukaza shingo na kupindisha mdomo, na watoto na vijana ndio wanaoathirika zaidi.

Kama umefanya yote haya na bado chakula hakikai, rudi na bahasha yako. Daktari anaweza kubadilisha dawa au kuongeza ya kutuliza. Lakini kuna hali ambazo hazisubiri asubuhi: unatapika kila kitu hata maji, macho yamekuwa ya njano, damu inazidi kwenye choo, tumbo limekuwa gumu na linauma sana, mkojo umekatika, mgonjwa anaweweseka, au mwili umevimba na kutoka vipele. Kwa sipro, ongeza maumivu ya ghafla ya mshipa wa kisigino. Acha dawa uende ukaonwe.

Baba pale dirishani ameniuliza kuhusu ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na ndiyo msimu wake huu. Kwa metronidazoli pombe imekatazwa: uso unaweza kuwaka, moyo ukaenda mbio, ukatapika kuliko ulivyokuwa ukitapika. Ule mtamu wa asubuhi nao haufai, baba, kwa sababu unaanza kuchacha ukiwa bado kwenye chombo cha kugemea. Maliza dozi, halafu zipite siku 3 tangu kidonge cha mwisho.