Kabari ndani ya kiatu: soli na goti lililosagika

Wazee wangu, shikamooni. Pale mlangoni mzee mmoja amevua kiatu akanionyesha soli ya ndani aliyouziwa mtaani, akaniuliza, "Mwanangu, hii itanirudishia goti?" Nianzie hapo hapo.

Goti likisagika, mara nyingi husagika upande wa ndani, ule unaotazamana na goti la pili. Kila ukikanyaga, uzito mwingi hupitia huko, na gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa, la upande huo ndilo linaloisha kwanza. Mguu unaanza kupinda matege, matege nayo yanaongeza mzigo palepale panapouma.

Miaka ya 1980 madaktari wa Japani wakaja na wazo zuri: kuinua soli upande wa kidole kidogo, kama fundi anavyochomeka kabari chini ya meza inayoyumba. Ukikanyaga juu ya kabari hiyo, uzito unasogea nje kidogo na goti linapumua. Na si porojo. Watu wamepimwa wakitembea, ikaonekana mzigo wa upande wa ndani unapungua kweli. Ila unapungua asilimia tano au sita tu, na kuna ambao kwao unazidi.

Je, maumivu? Australia waliwagawa watu 200 wenye umri wa miaka 50 na zaidi: nusu wakavaa soli za kabari, nusu soli bapa za kawaida, mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2011. Makundi yote mawili yalikuwa sawa, kwa maumivu na kwa gegedu pia. Kwa hiyo, mzee wangu, kama hiyo soli inakupa raha, vaa. Kama bado hujalipa, usilipe.

Hiyo hela afadhali ununue fimbo. Na hapa ninyi mnanishangaza! Humu ndani naona fimbo tatu, na zote zimeshikwa mkono wa upande unaouma. Fimbo inashikwa mkono wa pili, inatangulia pamoja na mguu mgonjwa.

Paja nalo lina kazi yake: misuli yake ikilegea, goti linabeba peke yake. Bibi yangu wa kitenge cha bluu, goti lako ni la kulia, siyo? Hamishia fimbo kushoto. Sasa inuka kitini bila kushika kitu, taratibu. Tunakuhesabia: moja...