Injini Iko Mgongoni

SALIM: Haya, tumerudi. Kabla ya salamu, wasikilizaji wajue kwamba mwenzangu hapa, mwenye Toyota MR2 ya 1991, kile kigari cha michezo cha viti viwili, leo kaja studio na matatu.

NJERI: Usianze, Salim.

SALIM: Sijaanza, nimetangaza tu.

NJERI: Gari liko juu ya mawe, magurudumu nimeyatoa. Jumamosi nililipeleka kwenye lami. Si sakiti, ni maegesho yaliyokodiwa, koni za plastiki zimepangwa, mnakimbia mmoja mmoja na mtu ameshika saa. Raundi nne za kwanza, raha tupu. Sindano ya joto imetulia pale katikati. Ya tano naingia kona ya mwisho, natupa jicho kwenye kioo, naona wingu jeupe nyuma yangu. Nikajiambia ni vumbi.

SALIM: Vumbi jeupe, juu ya lami.

NJERI: Akili ilikuwa kwenye saa! Ilipogutuka, mguu ukaachia mafuta wenyewe. Katikati ya kona.

SALIM: Lo!

NJERI: Gari likageuka likaangalia nilikotoka. Koni tatu chini. Nimekaa pale, mvuke unatoka nyuma, na bwana mwenye saa anacheka.

SALIM: Subiri, tuanze na maji. Sindano iko katikati, na gari linachemka?

NJERI: Ndiyo. Gari la kawaida kama Probox likichemka, mvuke unatokea kwenye boneti mbele ya macho yako, na hata kabla hujauona, watu wa boda wameshakupigia kelele. Hili injini iko nyuma ya kiti, rejeta iko kwenye pua. Maji yanasafiri kwa mapaipu marefu chini ya gari, kwenda na kurudi. Wiki moja kabla, fundi alibadilisha mpira mmoja, akajaza maji kama anavyojazia gari lolote, akafunga. Hewa ikabaki ndani. Na kipimo kikizungukwa na hewa badala ya maji, kinakuambia uongo.

SALIM: Hapo mwenye kosa ni fundi au ni wewe?

NJERI: Mimi nilikuwa nimesimama pale nakunywa soda. Andika mimi. Mfumo huu unachukua zaidi ya lita 10, na una vali mbili ndogo za kutolea hewa kule mbele, moja kwenye rejeta, nyingine kwenye hita. Kila moja unaichomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unaining'iniza juu kwenye boneti. Hita unaifungulia mwisho, hata kama ni Februari na jua linachoma. Halafu unajaza kule nyuma polepole, mpaka uone maji yanapanda kwenye ile mipira. Kazi ya saa nzima. Fundi aliponiona naishikilia mipira aliuliza kama gari limelazwa.

SALIM: Limewekewa dripu!

NJERI: Cheka. Wewe umezaliwa Mombasa, kule maji yanachemka kwa nyuzi 100. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko cha rejeta kinaongeza presha juu ya ile ya hewa iliyopo, na yetu iko chini, ndiyo maana maji yanachemka mapema. Kifuniko kilicholegea ambacho Mombasa kingekuvumilia, hapa kinakuchemshia. Nimenunua kipya, na kulanti halisi. Mambo ya maji ya bomba yameisha.

SALIM: Na gasketi ya hedi?

NJERI: Nilichomoa kijiti cha oili mikono inatetemeka. Oili haina rangi ya chai ya maziwa, yaani maji hayajaingia ndani yake. Nimeponea.

SALIM: Sasa mimi, kwa vile hewa yetu ni nyepesi na injini yako haina turbo, ningetafuta turbo, ile ya kuisukumia injini hewa zaidi. Injini ya turbo ya 3S-GTE si iko kwenye Caldina GT-T? Kule Grogan kwenye vipuri hukosi.

NJERI: Nguvu za nini, na nimezunguka bila hizo nguvu? Zaidi ya nusu ya uzito wa gari uko nyuma. Ukiachia mafuta ghafla kwenye kona, uzito unakimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yanakosa mshiko, na ile injini inavuta mkia kama nyundo. Toyota wenyewe walibadilisha sasipenshen kwa toleo la 1993, wakaweka tairi za nyuma pana zaidi, milimita 225 kwa 195 za mbele. Langu ni la kabla ya hapo. Halafu nikaangalia tairi zangu za nyuma. Meno yamejaa, zinang'aa. Pembeni zimeandikwa 3514.

SALIM: Wiki ya 35, mwaka 2014! Hizo si tairi, ni viatu vya akala.

NJERI: Pesa ya turbo ndiyo inanunua tairi na mafuta ya breki. Ya DOT 4, na kopo jipya. Lile lililokaa wazi kwenye shelfu limeshavuta unyevu, ukikanyaga mara ya kumi linachemka, mguu unazama mpaka sakafuni.

SALIM: Lakini msilidharau gari la injini katikati, nyuma ya dereva kama hili. Safari Rally ya 1975, Sandro Munari alimaliza wa pili na Lancia Stratos, Waldegård wa tatu na Stratos nyingine.

NJERI: Na nani alishinda?

SALIM: Hilo si muhimu.

NJERI: Salim.

SALIM: Ove Andersson. Na Peugeot 504.

NJERI: Gari la kupeleka watu Nyeri! Injini mbele, mahali unapoiona.

SALIM: Vipuri je?

NJERI: Vya injini nitapata. Vya bodi ndiyo shida. MR2 za umbo hili ziliisha kutengenezwa 1999, na mitumba iliyozidi miaka 8 hairuhusiwi kuingia nchini. Taa ya nyuma ikivunjika, ni kupigia simu wenye gari kama hilo mmoja mmoja. Kwa hiyo zile koni tatu, nashukuru zilikuwa za plastiki.

SALIM: Utarudi lini?

NJERI: Tairi zikifika. Leo wewe unanipeleka nyumbani.

SALIM: Mimi? Nimekuja na boda.