Maono yanapofika mwaka wa 11

Bwana asifiwe wapendwa. Asanteni kwa kunikaribisha, na asanteni sana nyie mliobaki mpaka kipindi hiki cha mwisho maana najua mmekaa tangu asubuhi. Nimeombwa niongee kuhusu kuyashika maono, na wakati naandaa nikagundua kitu, kwamba mahubiri yetu mengi ya maono yanahusu siku mbili tu, siku unayoyapokea na siku yanayotimia. Siku ya kwanza kuna machozi, siku ya mwisho kuna ushuhuda, watu wanasimama wanapiga vigelegele. Mimi leo nataka nikae kwenye ile miaka ya katikati, miaka ambayo hakuna sauti, hakuna ndoto nyingine, na hata wale waliokuwa wanakuuliza "ule mpango wako umefikia wapi" wameshaacha kuuliza.

Chukua Ibrahimu. Mwanzo 12 ana miaka 75 anaambiwa atoke kwao na kwamba atakuwa taifa kubwa, Mwanzo 21 ana miaka 100 Isaka anazaliwa. Hiyo ni miaka 25, sisi tunaihubiri kama dakika 25. Sasa hebu angalia katikati. Mstari wa mwisho wa sura ya 16 unasema alikuwa na miaka 86 Hajiri, mjakazi wa mkewe Sara, alipomzalia Ishmaeli. Alafu ukivuka tu, mstari wa kwanza wa sura ya 17 unasema alikuwa na miaka 99. Yaani miaka 13 imepita kati ya mstari na mstari, na hakuna neno hata moja limeandikwa humo. Alikuwa anaamka, anachunga, anakula, analala. Miaka 13. Na Yusufu hivohivo, anaota akiwa na miaka 17, anasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, tena ni 13.

Lakini turudi kwa Ishmaeli, kwasababu hapo ndo penye neno langu la leo. Ibrahimu alipokuwa na miaka 86 ilikuwa ni mwaka wa 11 tangu aitwe, na Biblia yenyewe inataja kwamba Sara alimtoa Hajiri baada ya kukaa Kanaani miaka 10. Sasa nisikilizeni vizuri. Ibrahimu hakuacha maono mwaka ule. Hakusema Mungu amenidanganya, hakurudi Harani. Bado aliamini kabisa kuwa mtoto atapatikana, alichochoka ni ile njia, akaamua kuyapunguza maono mpaka yakawa saizi ambayo yeye na mkewe wanaimudu. Na hilo ndo linanitisha mimi kuliko kukata tamaa, maana mtu aliyekata tamaa anajijua, analia, anaombewa, ila mtu aliyeyapunguza maono hajijui, yeye anaona kafanikiwa, ana mtoto mkononi kabisa na anamshukuru Mungu. (Na tuwe waangalifu tunavyomsema Ishmaeli, yule mtoto hakuwa na kosa lolote, na Mungu alimsikia akilia kule jangwani akamfumbua mama yake macho akaona kisima. Kosa la wakubwa asibebeshwe mtoto.)

Nina haki ya kusema haya kwasababu yamenikuta. Nilipokuwa kijana Mungu aliniwekea mzigo wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, wale ambao hawakupata nafasi utotoni, wanaoona aibu kushika kitabu mbele ya watoto wao. Nikaandika kwenye daftari, nikaweka tarehe. Miaka ya mwanzo tulikuwa na wanafunzi 4, ikafika 9, ikarudi 3. Mwaka wa sita akaja mtu mwenye uwezo akasema nitawasaidia, ila hawa wazee wanaosoma polepole hawaonyeshi matokeo, tufanye kozi fupi za kompyuta kwa vijana waliomaliza shule, na nyie mtaendelea kuitwa kituo cha elimu. Nikakubali. Sikuona kama nimesaliti chochote, niliona Mungu amejibu. Tulipata viti vipya, tulipata kibao kizuri mlangoni, na kozi zenyewe hazikuwa mbaya, vijana wale walifaidika. Ila siku moja akaja mama mmoja aliyekuwa darasani kwangu zamani akachungulia mlangoni, akaona kompyuta, akageuka akaondoka bila kusema kitu. Alikuwa amefika kwenye herufi M. Ile picha haikunitoka. Ilinichukua miaka miwili mingine kurudi nilipotoka, na msaada ule ulikatika, na viti vilichukuliwa.

Kwahiyo ninapowaambia msipunguze siwaambii kwa kusoma tu.

Sasa kuna mtu hapa anasema mimi sijapunguza chochote, mimi nimecheleweshwa na watu. Wewe wako ni Kalebu. Kalebu alikuwa na miaka 40 alipoenda kuipeleleza nchi, wapelelezi 12, kumi wakaleta hofu, yeye na Yoshua tu ndo wakasema tunaweza. Taifa likasikiliza kumi, na Kalebu aliyekuwa sahihi akazunguka jangwani miaka 40 pamoja na waliokosea. Fikiria hilo, unalipa deni ambalo hukukopa, unazika wenzako mmojammoja, na kila asubuhi unaokota mana ileile na watu walewale waliokufungia mlango. Mimi naona huo ndo mtihani mgumu zaidi, kwasababu ungeweza kabisa kuishi kwa uchungu na kila mtu angekuelewa. Lakini Yoshua 14 anatokea mzee wa miaka 85, hana lawama hata moja, anasema nipe mlima huu. Na mlima gani? Ni Hebroni, palepale walipokuwa wale Waanaki, yale majitu yaliyowatisha wale kumi. Hakuomba kipande cha bonde kwa sababu ya uzee. Miaka 45 imepita na ombi lake halijapungua hata kidogo, na akaenda akawatoa kweli, Sheshai na Ahimani na Talmai.

Na sio kwenye Biblia tu. William Carey, fundi viatu wa Uingereza, alifika India 1793. Mtu wa kwanza wa pale kubatizwa kwa kazi yake, Krishna Pal, alibatizwa mwishoni mwa 1800, yaani miaka saba mtu anapanda haoni jani. Akaendelea kutafsiri maandiko kwa lugha moja baada ya nyingine, wakajenga kiwanda cha uchapaji Serampore, alafu Machi 1812 moto ukala. Miswada ya miaka mingi, kamusi, sarufi, karatasi, vyote vikawa majivu kwa usiku mmoja. Akaanza upya, ukurasa wa kwanza. Kuanza kitu mara ya kwanza unasaidiwa na ujana na kutokujua, kuanza mara ya pili unajua kabisa kila usiku utakaokesha, na bado unakaa mezani.

Ila siwezi kumsimulia Carey nikaacha kumtaja Dorothy mkewe. Mtoto wao Peter alifariki 1794, na akili ya yule mama ikavurugika asipone mpaka kufa kwake 1807. Hatukuwa na haki ya kulificha hilo kwenye mahubiri yetu. Kwahiyo mtu akiniuliza nitajuaje kama huu ni uvumilivu au ni ubishi tu, namuuliza kwanza, nani analipa? Kama wewe una amani na nyumba yako yote inazama, kaa chini na mwenzio mzungumze, tena yeye aanze. Alafu namuuliza, je bado unaweza kuambiwa umekosea? Mwenye imani anaweza kubadilisha njia mara 20 na bado akabaki na neno lilelile, mbishi anashikilia njia mpaka neno lenyewe limepotea. William Wilberforce alipopeleka hoja ya kukomesha biashara ya watumwa kwenye bunge la Uingereza 1791 alipigwa kura 163 kwa 88. Alirudi tena na tena, wakabadilisha mbinu, wakapita mlango mwingine, sheria ikapita 1807. Alafu utumwa wenyewe, akiwa mgonjwa kitandani Julai 1833 akaletewa habari kwamba muswada sasa una uhakika wa kupita, akafariki siku tatu baadaye. Mbinu zilibadilika sana, lakini hakuna siku alisema basi tuwapunguzie minyororo kidogo tuishie hapo.

Namalizia na Habakuki 2. Wote tunaupenda mstari wa tatu, ijapokawia, ingojee. Lakini mstari wa nne unaofuata palepale ndo ule maarufu, mwenye haki ataishi kwa imani yake. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa nausoma peke yake kama kitu cha wokovu tu, sikuwa nimeona kwamba umetamkwa kwa mtu anayesubiri. Imani hapo ni chakula cha kukaa nacho kwenye lindo, siku baada ya siku, wakati njozi bado haijafika. Na mstari wa pili, kabla ya hiyo yote, ni amri ya kuandika kwenye vibao iwe wazi. Nadhani Mungu alijua tutakapochoka tutaanza kuikumbuka vibaya, tutaikumbuka ndogo kuliko ilivyokuwa. Daftari langu ndo liliniumbua mimi, kwasababu lilikuwa limeandikwa wazee, na mimi nilikuwa nimeshajishawishi kwamba Mungu alisema elimu.

Sasa sitaki tuombe kwanza. Karatasi ziko pale mbele na kalamu zipo, kila mtu achukue, aandike kile alichoambiwa mwanzoni kabisa, kwa maneno yaleyale ya siku ile, aweke na tarehe ya leo. Msiandike mlichonacho sasa hivi. Mkimaliza ndo tutasimama tuombe, hakuna haraka.