Kupanda ua la Usambara kwa jani moja

Karibuni, watazamaji wapenzi. Mmea mnaouona hapa mezani, ambao majani yake yana manyoya laini kama mahameli na ambao kimo chake hakijafikia urefu wa kiganja changu, ni saintpaulia, ua ambalo mimi hupenda kuliita ua la Usambara kwa sababu huko ndiko asili yake. Leo nitawaonyesha namna ya kupata mmea mpya kutokana na jani moja tu, kisha namna ya kuutunza mpaka utoe maua. Nitangulie kukiri kwamba mimi huuza miche ya ua hili, kwa hiyo msishangae nikilisifu kupita kiasi. Hata hivyo nililipenda miaka mingi kabla ya kumpata mteja wa kwanza, na lau ningekuwa nafuata faida peke yake, leo ningekuwa nauza mbolea.

Kabla hatujashika wembe, ni vyema mjue mmea huu ulikotoka, kwa kuwa matunzo yake yote yanatokana na makazi yake ya asili. Mnamo mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, aliupeleka Ujerumani kwa baba yake, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia katika jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, ya Streptocarpus, lakini sisi wapandaji hatujahama nao. Porini huota juu ya miamba yenye kuvumwani na katika nyufa za mawe, chini ya kivuli cha msitu, mahali ambapo maji hupita lakini hayatuami, na ambapo udongo wenyewe hauzidi konzi chache. Kumbukeni picha hiyo ya mwamba kila mtakaponyanyua kopo la maji.

Udongo nitaupitia haraka. Kwa jani linalooteshwa, mimi huchanganya unga wa makumbi ya nazi na perlaiti, yaani chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano, nusu kwa nusu, kisha nauloanisha mpaka uwe na unyevu wa sifongo iliyokwisha kukamuliwa. Unga wa makumbi uoshwe kwanza kwa maji safi ili chumvi itoke. Udongo wa bustanini usitumike, kwa sababu hushikamana na kuinyima mizizi hewa. Kopo lolote dogo lenye matundu chini linafaa.

Sasa tuchague jani. Majani ya mmea huu hujipanga kwa duara, safu juu ya safu, na yale ya chini kabisa yamezeeka, ilhali yale ya katikati kabisa ni machanga na ndiyo moyo wa mmea, kwa hiyo hayaguswi. Chukueni jani la safu ya kati, lililokomaa na lisilo na doa. Ninalishika kikonyo karibu na shina, ninalisukuma pembeni, na... samahani, limekatika vibaya. Sogeza kamera hapa ili watazamaji waone. Kikonyo kimevunjikia juu sana na kimebaki kipande kifupi kama ukucha. Kosa ni langu, nilikuwa naangalia kamera badala ya kuangalia mmea. Jani hili tusilitupe, tutalirudia baadaye. Kile kisiki kilichobaki shinani ni lazima kiondolewe sasa hivi, maana kikiachwa huoza na uozo hutambaa hadi kwenye shina. Ninachukua jani la pili, ninalisukuma pembeni kwa utulivu, na safari hii limeachia lenyewe.

Wembe nimeupangusa kwa spiriti. Ninakikata kikonyo kibaki na urefu wa sentimita 3 hivi, kwa mkato wa mshazari wa takriban nyuzi 45, upande uliokatwa ukitazama juu kuelekea uso wa jani, kwa sababu vitoto, yaani miche midogo, huchipuka kutoka kwenye mkato huo na huwa rahisi kwao kupanda juu wakiwa upande wa mbele. Pia ninalikata jani ncha yake ya juu, ili lisiendelee kujikuza lenyewe. Wako wapandaji wasiokata ncha na miche yao huota vilevile. Hilo ni suala la mazoea, nami yangu ndiyo haya. Kisha ninaliacha kwa robo saa ili jeraha likauke.

Hapa naomba utulivu wa kila mmoja, kwa sababu hatua inayofuata ndiyo iliyonitoa machozi. Kikonyo kinafukiwa sentimita 1 tu, au ikizidi sana sentimita moja na nusu, na uso wa jani usiguse udongo hata kidogo. Nilipoanza kazi hii nilipanda majani kumi na mawili kwa siku moja, nikayazika mpaka kwenye mabega nikidhani kwamba kina kirefu ndicho kitakachoyapa uimara. Wiki ya pili nilipolivuta moja, lilitoka likiwa uji wa kahawia, na wenzake kumi na mmoja walikuwa katika hali hiyo hiyo. Narudia: sentimita moja. Jani likiyumba, liegemezwe kwa kijiti, lisizikwe. Tazameni kwa karibu jinsi ninavyotoboa shimo kwa ncha ya penseli, ninavyokiingiza kikonyo kwa kukilaza kidogo, na ninavyobana udongo kwa vidole viwili bila kuushindilia. Mkiona jani limegusa udongo, litoeni na kuanza upya, wala msijidanganye kwamba litajirekebisha.

Lile jani lililokatika vibaya nalo lina nafasi yake. Ninalikata kwa chini pande zote mbili, nikiuacha mshipa mkubwa wa katikati ukiwa umbo la kabari, na kabari hiyo ndiyo itakayokuwa kikonyo. Kina ni kile kile. Sentimita moja.

Makopo yote mawili yanaingia, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki unaopitisha mwanga, yanafungwa, na yanawekwa mahali penye mwanga wa kutosha lakini pasipopigwa na jua, maana jua likiingia ndani ya mfuko uliofungwa jani hupikika. Katika joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, mizizi hutokea baada ya wiki tatu au nne, na vitoto hujitokeza juu ya udongo baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Msilivute jani kila asubuhi ili kuangalia kama limeota. Najua mtalivuta, lakini nimewaambia.

Ili tusisubiri miezi yote hiyo mbele ya kamera, nimeleta kopo ambalo jani lake lilipandwa miezi mitatu iliyopita, na chini yake mnaona vitoto vitano vyenye vijani visivyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Sogeza kamera karibu zaidi. Zaidi kidogo. Subiri, hapo hapo. Hicho kitu cheupe kilicho kwenye kona ya kikonyo, mfano wa kipande cha pamba, hakikuwa katika mpango wetu wa leo. Hao ni vidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu, na kwa macho matupu sikuwa nimewaona. Naomba tusimamishe kazi ya kutenganisha vitoto. Kopo hili linaondoka mezani na kuwekwa mbali na mimea mingine yote, ninanawa mikono, kisha ninachovya kijiti cha pamba katika spiriti na kumgusa kila mdudu mmoja mmoja mpaka abadilike rangi. Nitarudia kazi hiyo kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa, kwa sababu mayai hujificha mahali ambapo kijiti hakifiki. Mmea mgeni ukiingia nyumbani, utengeni kwa mwezi mzima kabla ya kuuchanganya na wenzake. Mimi niliruka hatua hiyo kwa mmea mmoja, nao ulikuwa jirani wa kopo hili.

Tunaendelea na kopo jingine, ambalo nimelikagua mara mbili. Ninalipindua, ninalitoa bonge lote la udongo, na ninalitikisa taratibu mpaka vitoto vionekane vilivyoshikana. Kila kitoto chenye majani manne au zaidi na mizizi yake kinatenganishwa kwa kuvutwa kwa upole. Hiki kidogo mno kinarudi pamoja na mama yake. Kila kimoja kinapandwa katika kikopo cha upana wa sentimita 5 hivi, na onyo langu ni lile lile la jani: moyo wa mmea, yaani pale katikati majani machanga yanapotokea, ubaki juu ya udongo. Chembe za udongo zikidondokea katikati, ziondoeni kwa brashi laini na kavu.

Wale wanaopenda aina zenye maua ya mistari inayotoka katikati kama njiti za gurudumu wajue kwamba jani halitawapa mistari hiyo. Mmea utaota vizuri, lakini kwa kawaida maua yatakuwa ya rangi moja tu. Aina hizo huzalishwa kwa machipukizi ya pembeni. Nimewahi kumkabidhi mteja mche wa namna hiyo kwa ahadi ya mistari, nikalazimika kumwomba radhi baada ya miezi minane.

Sasa maji, ambayo ndiyo muuaji mkuu wa mmea huu. Maji yawe na joto sawa na la chumba. Tazameni jani hili lenye pete na madoa ya rangi ya njano iliyopauka: hayo si maradhi, ni matone ya maji baridi yaliyoanguka juu ya jani lenye joto na kuua chembe hai za ndani, na alama hizo hazifutiki. Mimi huweka kopo juu ya kisahani chenye maji, naliacha linywe kutoka chini kwa nusu saa, kisha namwaga yaliyobaki. Narudia, yanamwagwa. Kisahani kilichojaa maji mchana kutwa huozesha mizizi, na mmea ulioozewa mizizi hulegea majani sawasawa na mmea wenye kiu, hivyo mtu huongeza maji na kuumaliza kabisa. Kabla ya kunywesha, guseni udongo kwa kidole. Ukiwa bado na unyevu, ondokeni. Mara moja kwa mwezi ninanywesha kutoka juu, pembeni mwa kopo, ili chumvi ya mbolea ioshwe.

Kopo lisiwe kubwa. Upana wake uwe theluthi ya upana wa mmea, kwa maana mmea wa sentimita 30 unatosheka na kopo la sentimita 10, na ukiwekwa katika chombo kikubwa hutumia miezi mingi kujaza mizizi huku ukisahau kutoa maua. Kwa mwanga, dirisha lipatalo jua jepesi la asubuhi linafaa sana. Asiye na dirisha la namna hiyo aweke taa sentimita 30 hivi juu ya majani, kwa muda wa saa 12 hadi 14, kisha aizime, kwani mmea huu unahitaji giza la usiku ili uchanue. Majani yakisimama wima na vikonyo kurefuka, mwanga ni mdogo. Yakijikunja na kupauka, umezidi. Kopo lizungushwe robo duara kila wiki ili mmea usiegemee upande mmoja.

Kutoka jani hadi ua la kwanza ni miezi sita hadi tisa. Makopo yetu mawili ya leo nimeyaandika tarehe kwa penseli kwenye vipande vya mbao, moja la kikonyo kizima na jingine la kabari, na baada ya wiki kumi nitaifungua mifuko yote miwili mbele yenu kwa mara moja.