Kushona mfuko wa siri ndani ya suruali

Haya jamani, karibuni. Leo tunashona mfuko wa siri, ule wa kuwekea hela na pasipoti ukiwa safarini, ndani ya suruali unayoivaa siku zote. Kama huna cherehani usijali, sindano ya mkono inatosha.

Tafuta popilini ya pamba. Nailoni iache, utatoka jasho mchana kutwa na noti zitalowa. Pasipoti ina urefu wa sentimita 12.5 na upana wa 8.8, kwa hiyo kata vipande viwili vyenye upana wa sentimita 13. Kimoja kiwe na urefu wa 16, kingine 19. Kile kirefu ndicho kitakachoshikana na suruali.

Kunja ukingo wa juu wa kipande kifupi mara mbili, ushone. Hapo ndipo mdomo wa mfuko. Sasa viweke vyote viwili uso kwa uso, uvilinganishe kwa chini, ushone ubavu, chini, na ubavu wa pili. Ukifika kwenye kona, tazama mkono wangu: naizungusha, siikati pembe. Kona yenye ncha hujichora kwa nje ukikaa. Geuza, piga pasi.

Hapa wengi wana haraka, nanyi msiwe nayo. Vaa suruali, ubane mfuko kwa pini upande wa ndani, kati ya zipu na nyonga, na ule upande wenye mdomo uelekee mwilini. Tia pasipoti. Sasa kaa kwenye kigoda, maana kusimama hakukuonyeshi kitu. Ikikuchoma pajani, sogeza mfuko kuelekea ubavuni au upandishe kidogo. Inama kama unayefunga kamba za viatu. Ukiridhika, weka alama kwa chaki.

Kushona kwenyewe: shona ukingo wa juu wa kile kipande kirefu, sindano ishike kitambaa cha ndani cha kiuno cha suruali tu. Geuza kila baada ya mishono michache uangalie nje; uzi ukionekana nje, siri imekwisha. Tumia uzi maradufu, na pale pembeni rudia mara tatu, kwa sababu ndiko kunakobeba uzito. Sehemu ya chini iache inaning'inia. Ukifunga mkanda wa kiunoni, mdomo unajibana wenyewe.

Jinzi na kaki zinaficha vizuri. Suruali nyeupe nyepesi haifai, hata ushone vipi. Simu msiweke humo, ni nzito, itavuta kiuno chini.

Na ukiwa Kariakoo au stendi ya Mbezi, nauli na hela ya chai ziwe mfuko wa kawaida. Ukitumbukiza mkono kiunoni mbele ya watu, umeshawaonyesha pa kutafuta. Ukitaka kutoa kitu humo, nenda chooni kwanza. Halafu siku ya kufua, pekua kabla suruali haijaingia kwenye beseni.